UZI: Niliogopa gari la umeme litaua duka langu, nikanunua hisa zake. Duka lipo, hisa hazipo

Binti_wa_Grogan

Hamjambo wadau. Uzi ni mrefu, kwa hivyo aliye na chai aje nayo.

Mimi nauza spea Kirinyaga Road, kule ambako wengi bado mnaita Grogan. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Plagi, oili filta, fani belti, klachi, gasketi, pampu za maji, hayo ndiyo maisha yangu. Mwanzoni mwa 2021 mteja alisimamisha Nissan Leaf mbele ya duka, akaniomba nimtafutie bushi za mbele. Wakati fundi anaingia chini ya gari, mimi nikafungua boneti, nikaanza kuhesabu kwa vidole vitu ninavyouza ambavyo havimo mle ndani. Vidole viliisha. Hakuna plagi, hakuna oili, hakuna klachi, hakuna belti ya taimingi, hakuna egzosi. Usiku huo sikulala.

Nikajiambia, kama hiki kitu kitanila, basi na mimi nikile. Nikafungua akaunti kwa dalali wa mtandaoni, nikajaza ile fomu yao ya W-8BEN ya kuwaambia Wamarekani kwamba mimi si mwenzao, nikanunua hisa 40 za kampuni moja changa ya huko, dola 29 kila hisa. Dola ilikuwa kwenye 110 hivi. Hiyo ni kama shilingi 127,600, pesa ambayo ingenijazia rafu mbili za shoki.

Jina la kampuni nitaliacha, marehemu hasemwi. Gari lao halikuwa baya, wacha niseme ukweli. Lakini kila gari walilouza liliwagharimu kuliko bei waliyoliuzia. Wakiishiwa, wanatoa hisa mpya. Hisa mpya zikitoka, zangu zinakuwa kama uji ulioongezwa maji: sufuria imejaa, ladha hakuna. Mwishowe wakaenda mahakamani kujitangaza wamefilisika. Nilibaki na hisa zangu 40, na hata senti moja sikuona.

Sasa nina laki mbili nimeweka kando, na takwimu za 2025 zimetoka. BYD ameuza magari ya betri tupu kama milioni 2.26, Tesla kama milioni 1.64. Mchina amempita Mmarekani mwaka mzima, si robo moja ya mwaka tu kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023. Kila mtu kwenye simu yangu ananiambia "nunua mshindi". Nauliza nyinyi mnaojua: mshindi ni nani, na je, mshindi wa kuuza magari ndiye mshindi wa hisa? Kwa sababu mimi niliwahi kuamini kwamba gari zuri ni hisa nzuri, na mmeshasikia yaliyonipata.

KijanaWaJuja

Pole dada, lakini ulinunua punda ukidhani ni farasi. Kampuni nyingi zilizoingia sokoni 2020 na 2021 kwa mlango wa nyuma, kwa kuungana na kampuni tupu ya mifukoni, zilikuwa na michoro mizuri kuliko mauzo. Nikola walitoa video ya lori lao likikimbia barabarani, kumbe limeachiwa literemke lenyewe kwenye mteremko! Lordstown ilifilisika 2023, Fisker 2024, Canoo Januari 2025, Nikola mwezi uliofuata.

Tesla ni kitu kingine kabisa. Iliingia sokoni Juni 2010 kwa dola 17. Ukihesabu hisa zilivyogawanywa, moja kuwa tano mwaka 2020 na moja kuwa tatu 2022, ile dola 17 ya zamani ni sawa na dola 1 na senti 13 za leo. Desemba 2025 hisa ilipita dola 480. Fanya hesabu mwenyewe.

Na usiseme eti mauzo ya magari yameshuka. Tesla si kampuni ya magari tena. Kuna betri kubwa za gridi, mwaka 2024 walifunga za gigawati-saa 31.4. Kuna teksi zisizo na dereva, walianza Austin Juni 2025. Kuna roboti. Anayehesabu magari anahesabu kitu kibaya.

Mzee_Kimathi_Street

Mwanangu wa Juja, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Nilianza kununua hisa wakati soko letu la hisa liko Nation Centre. Nimeona mengi. Wacha nikuulize swali la duka, kwa kuwa mwenye uzi ni mwenye duka. Tuseme duka la Binti linabakisha faida ya laki tano kwa mwaka baada ya kodi na mishahara. Ungelinunua kwa bei gani? Mtu mwenye akili zake atasema milioni mbili, labda tatu, akilipenda sana tano. Wewe unaponunua Tesla kwa zaidi ya mara 200 ya faida ya mwaka, ni sawa na kulinunua duka hilo kwa shilingi milioni mia moja, ukijitetea kwamba kesho litauza roboti.

Labda litauza. Sisemi haiwezekani. Nasema hiyo kesho umeshailipia leo, tena kwa pesa taslimu.

Faida yenyewe tuiangalie. Mwaka 2023 ilikuwa dola bilioni 15. Tusiwaonee, karibu bilioni 6 kati ya hizo zilikuwa nafuu ya kodi ya mara moja. Mwaka 2024 ikawa bilioni 7.1. Na ndani ya mwaka huo huo kulikuwa na mapato ya dola bilioni 2.76 yasiyotokana na kuuza gari wala betri: ni pesa ambazo watengenezaji wengine huwalipa Tesla ili wao waonekane wametimiza masharti ya moshi. Pesa hiyo haina gharama karibu yoyote nyuma yake, inaingia moja kwa moja kwenye faida. Sasa Marekani mwaka 2025 imeondoa faini za wanaovuka viwango vya matumizi ya mafuta, na ile nafuu ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari la umeme ilikatika Septemba 30. Nani ataendelea kununua vibali vya moshi kama faini hakuna?

Na wewe Binti, nakujibu swali lako la mwisho. Mnakumbuka Safaricom 2008? Watu waliuza ng'ombe, wengine walikopa benki, wote wakitaka hisa ya shilingi 5. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, kila mtu akapewa kijisehemu. Kampuni ilikuwa nzuri? Nzuri mno, leo hata mama mboga hawezi kufungua siku bila M-Pesa. Lakini mwaka uliofuata hisa ilikuwa chini ya 3, na waliokopa waliuza kwa hasara kulipa benki. Kampuni haikuwa na kosa. Waliokuwa na kosa ni wale waliokuwa na haraka.

Dere_wa_Mchana

Mzee umenikumbusha. Babangu alipata hisa zake za Safaricom, cheti kiko kwenye Biblia mpaka leo 😂

Fundi_SouthB

Wakuu, mimi ni Mtanzania niliyezamia Nairobi, kazi yangu ni umeme wa viwandani, kwa hiyo niongee kuhusu BYD kwa upande wa betri. Hisa mtanisahihisha.

Watu wengi hawajui BYD ilizaliwa 1995 pale Shenzhen ikiwa kampuni ya betri, za simu na vitu vidogo vidogo. Magari yalikuja baadaye. Hiyo ndiyo siri yao. Kwenye gari la umeme betri peke yake ni kama theluthi ya gharama, na hawa jamaa wanatengeneza betri yao, mota yao, chipu nyingi zao, na siku hizi wana hadi meli zao za kubebea magari. Mwenzao akinunua betri analipa gharama na faida ya muuzaji. Wao wanalipa gharama tu. Halafu betri yao inatumia chuma na fosfati, haina nikeli wala kobalti, ni ya bei nafuu na haishiki moto kirahisi. Inabeba umeme kidogo kwa kila kilo ukilinganisha na zile za nikeli, lakini kwa matumizi ya mjini nani analalamika?

Mwaka 2011 mtangazaji alimuuliza Elon Musk, mkuu wa Tesla, kuhusu BYD, akaangua kicheko, akauliza kama huyo mtangazaji ameliona gari lao. Sasa nani anacheka?

Lakini sikiliza hapa, dada, maana jibu la swali lako ndilo hili. Katika 2025 BYD waliuza magari mengi kuliko wakati wowote, ukijumlisha na yale yenye injini na betri pamoja ni kama milioni 4.6. Faida je? Robo ya pili ya mwaka ilishuka karibu asilimia 30 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Robo ya tatu ikashuka kama asilimia 33. Mauzo juu, faida chini.

Mnakumbuka kware? Nilikuwa nimetoka tu Dar, 2013 hivi, nikakuta Nairobi nzima inafuga kware. Mwenye nyumba wangu alifuga kwenye roshani. Mayai yaliuzwa kama dawa. Ndege ni yule yule, mayai ni yale yale, walaji walifurahi bei iliposhuka, lakini aliyejenga banda alilia. China ni hivyo. Kila mkoa unataka kiwanda chake cha gari la umeme, unatoa ardhi, unatoa mkopo, kampuni ikitaka kufa unaiokoa. NIO, kampuni nyingine ya magari ya umeme ya huko, walikaribia kukauka 2020, mji wa Hefei ukaingiza yuani bilioni kadhaa. Kwa hiyo dhaifu hafi, na asipokufa anaendelea kupunguza bei, na mwenye nguvu naye inabidi apunguze. Mei 2025 BYD walikata bei za modeli nyingi kwa mpigo, soko likatetemeka, serikali yao yenyewe ikaanza kukemea. Wana neno lao la kushindana mpaka mnaumizana bila yeyote kusonga mbele, wanaita neijuan.

Mwenye kufaidi vita hiyo ni mnunuzi wa gari. Mwenye hisa anashangilia timu iliyofunga magoli huku haina pesa ya kuwalipa wachezaji.

KijanaWaJuja

Fundi hapo unanisaidia mimi. Ndiyo maana Tesla ametoka kwenye vita ya magari.

Fundi_SouthB

Kutoka ametoka, au ametolewa? Hiyo vita ya bei aliianza yeye mwenyewe Januari 2023.

MwekaHazina_Donholm

Nyote mnaongea kana kwamba mnaishi New York. Mnasahau mnyama mkubwa kuliko Tesla na BYD wakiwekwa pamoja: shilingi.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu, watu kumi na wawili. Januari 2024 dola ilifika 160. Kila mtu alikuwa anasema itafika 200, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kusema. Nikawashawishi wenzangu tuhamishe pesa kwenye dola tununue mfuko wa hisa za magari ya umeme na betri. Tuliweka 160,000, ikawa dola 1,000. Haya, mfuko ulipanda asilimia 10, ukawa dola 1,100. Tukapiga makofi kwenye mkutano, kuna mama alileta keki. Tulipohitaji pesa mwaka 2025, dola ilikuwa 129. Zidisheni. Tulitoa 141,900, na hapo sijatoa ada za kutuma na kubadilisha. Hisa zilipanda, sisi tukapoteza shilingi 18,100.

Sasa ongeza chumvi kwenye kidonda. Februari ile ile ya 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ya asilimia 18.46, haikatwi kodi. Mzee mmoja wa chama, aliyestaafu reli, alisema tuweke huko. Tulimcheka. Laki moja na nusu kwenye bondi ile inaleta 27,690 kila mwaka bila mtu kujua betri ni ya nikeli au ya chuma. Siku hizi kwenye mkutano akikohoa tu, nainamisha kichwa.

Jambo lingine ambalo halisemwi: ukipata gawio, yaani mgao wa faida, kutoka kampuni ya Marekani wanakata asilimia 30 kabla halijakufikia, maana Kenya haina mkataba wa kodi na wao. Tesla hajawahi kutoa gawio, kwa hivyo kwake hakuna cha kukatwa, na cha kula pia hakuna. Unategemea tu kwamba kesho atatokea mtu wa kukununulia kwa bei ya juu zaidi.

Mzee_Kimathi_Street

Huyo mstaafu wa reli mpe salamu zangu.

SotikToNairobi

Mbona mnahangaika mbali? Hisa ya gari la umeme iko hapa hapa NSE, soko la hisa la Nairobi, inaitwa Kenya Power. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa inauzwa kama shilingi moja na nusu, mwaka 2025 ikapita 10. Mabasi ya umeme, pikipiki za umeme, yote yanachaji kwa nani? Hata kuna bei maalum ya umeme wa usafiri iliyoanza 2023, kwa shilingi 16 kwa yuniti, na 8 usiku wakati watu wamelala. Na umeme wetu karibu asilimia 90 si wa mafuta, mvuke wa Olkaria unachemka bure. Mimi niliingia kwa 1.60 na sijutii.

Mzee_Kimathi_Street

Hongera, umekula. Lakini usile nyama ya mbuzi ukamsifu kuku. Kenya Power haikupanda kwa sababu ya pikipiki. Umeme unaonunuliwa na vyombo vya usafiri bado ni kijiko ndani ya ziwa. Ilipanda kwa sababu ina mikopo na mikataba ya kununua umeme inayolipwa kwa dola na yuro. Dola ilipokuwa inapanda, kampuni ikapata hasara ya bilioni 3.2 mwaka ulioishia Juni 2023. Shilingi ilipopata nguvu, mwaka uliofuata ikatangaza faida ya bilioni 30 baada ya kodi.

Yaani ile ile shilingi iliyomchoma Mweka Hazina ndiyo iliyokulisha wewe. Mlikuwa mnacheza mchezo mmoja, yeye amekaa upande huu wa meza na wewe upande ule, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua ni mchezo gani.

SotikToNairobi

😂😂 Mzee wewe ni noma. Lakini pesa nimeziona.

MwekaHazina_Donholm

Nimesoma hiyo nikiwa kwenye matatu nikacheka peke yangu mpaka jirani akasogea.

Dere_wa_Mchana

Mimi hisa sijui, lakini naendesha basi la umeme mwaka wa pili sasa, wacha niwape ya barabarani.

Siku ya kwanza nilipoendesha, nilipanda Museum Hill abiria wamenyamaza, si kwa adabu, ni kwa sababu hakuna kelele ya injini ya kujificha nyuma yake. Kila mtu anasikia mwenzake anachosema kwenye simu. Kuna mama alikuwa anamgombeza mtu kuhusu kodi ya nyumba, basi zima likajua ni miezi mingapi. Tangu siku hiyo naweka redio.

Sasa kwa upande wa pesa. Mwenye basi hanunui betri. Analipa kiasi mwanzoni, kisha analipa kwa kila kilomita tunayotembea, na humo mna chaji na matengenezo. Usiku tunarudi dipo, tunachomeka, asubuhi tunatoka. Gari likilala kwa hitilafu, halipi kilomita, kwa hivyo aliyelikopesha ana haraka ya kulitengeneza kuliko hata sisi. Mimi naona yule anayekusanya pesa ya kilomita ndiye mwenye biashara. Aliyetengeneza basi alishalipwa akaenda zake.

Kingine: yamekuja mabasi ya viwanda tofauti tofauti vya China. Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kuniuliza hili ni la nani. Wanauliza tu, "Hii ni ile ya stima?" Wakiambiwa ndiyo, wanapanda.

Binti_wa_Grogan

Dere, hiyo sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu. Kwenye spea ni hivyo hivyo. Zamani mteja alitaka shoki ya jina fulani, hakubali nyingine. Siku hizi anauliza inadumu miezi mingapi na ni ngapi mwisho. Jina likishakufa kichwani mwa mteja, faida ya mwenye jina nayo inaanza kukonda. Nimeliona hilo kaunta yangu mwenyewe, sijui kwa nini sikuliona kwenye hisa.

Fundi, hebu niulize. Kama watengenezaji wanaumizana, mwenye kutengeneza betri za kuwauzia wote je? CATL?

Fundi_SouthB

Swali zuri dada. CATL ndiye mkubwa wa betri duniani, Mei 2025 aliingiza hisa Hong Kong pia, juu ya zile za Shenzhen. Yeye anawauzia jembe wachimba dhahabu wote, hata Tesla ni mteja wake. Faida yake imesimama vizuri kuliko ya watengenezaji magari wengi.

Ila usidhani jembe haliteremki bei. Angalia lithiamu. Novemba 2022 tani moja ya kaboneti ya lithiamu pale China ilikuwa inakaribia yuani 600,000. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu laki moja. Waliofungua migodi kwa bei ya juu walikufa wakitazama. Mwenye kununua lithiamu alifurahi, lakini mteja wake naye akamjia mbio kudai punguzo. Huko juu pia kuna kware.

KijanaWaJuja

Mmenizunguka wote. Sawa. Lakini mniambie hivi: mngekuwa hapa 2019 mngesema nini kuhusu Tesla? Mngesema haya haya. Ni ghali, ina madeni, inapoteza pesa. Mnamo 2020 peke yake ilipanda zaidi ya mara nane, Desemba ikaingia S&P 500, ile orodha ya kampuni kubwa za Marekani. Nyinyi wenye hekima mlikuwa kwenye bondi.

Mzee_Kimathi_Street

Hapo umesema kweli, na sitakudanganya: mwaka 2019 ningesema haya haya, na ningekosa. Nimekosa mengi. KCB niliuza mapema, Equity sikununua kabisa nikidhani ni benki ya wakulima wa chai.

Lakini angalia tofauti. Mwaka 2019 Tesla yote ilikuwa na thamani ya makumi ya mabilioni ya dola. Leo imepita trilioni 1, na BYD anayeuza magari mengi kuliko yeye hafiki hata moja ya tano ya hiyo. Mtoto wa kilo tatu anaweza kuongezeka mara ishirini. Mimi wa kilo tisini nikiongezeka mara mbili tu, mtaniita msiba.

Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita ilikuwa na watengenezaji magari mamia. Zikabaki kampuni kubwa tatu. Na kati ya hizo tatu, Chrysler na General Motors zilifilisika 2009, miongo mingi baada ya kushinda.

Zainabu_Eastleigh

Mimi nasoma kimya kimya tu tangu asubuhi. Swali dogo: nina hisa za Lucid, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, nilikuwa nazo 300, sasa zinaonyesha 30 lakini bei imepanda mara kumi. Nimetajirika ama nimeibiwa?

MwekaHazina_Donholm

Hujatajirika na hujaibiwa, dada Zainabu. Mwaka 2025 waliunganisha hisa, kila kumi zikawa moja. Ni kama kubadilisha noti kumi za mia kwa noti moja ya elfu. Hufanya hivyo bei ikiwa imeshuka mno na kampuni haitaki kuonekana ya senti. Kuunganisha si dhambi, lakini jiulize kwa nini imefika hapo. Tena kumbuka Nikola waliunganisha thelathini kuwa moja mwaka 2024, miezi michache baadaye wakafilisika. Lucid wana mfuko wa Saudia nyuma yao, wale wana mfuko mrefu. Swali ni kama utabaki na kijiko ukiwa kwenye meza yao.

Zainabu_Eastleigh

Ahsante. Nimeelewa ingawa sijafurahi.

Binti_wa_Grogan

Narudi baada ya kufunga duka. Nimesoma yote, mengine mara mbili. Wacha niseme nilichoamua, msinipige mawe.

Nilikaa na daftari la mauzo la mwaka jana. Nilikuwa nimebeba hofu ya 2021 bila kuipima. Plagi na oili filta bado zinauzwa kama mkate, kwa sababu magari yanayoingia Mombasa mengi ni ya Japani yaliyotumika, yana injini, na mengi sasa ni haibridi, ambayo yana injini na betri, kwa hivyo yananiletea kazi mara mbili. Yale ya umeme tupu wateja wake ni wachache, lakini wanakuja kwa kitu kile kile: bushi, boljointi, shoki, linki. Betri ni nzito, barabara zetu mnazijua, gari linakula miguu yake. Brekpedi ndizo hawanunui sana, mota inasaidia kupunguza mwendo. Yaani gari ninaloliogopa linanilipa kupitia chini yake.

Kwa hivyo laki na arobaini inaenda kwenye bushi na shoki za magari mazito, zikiwemo za Leaf. Ni hisa ninayoweza kuishika, na najua bei yake kila asubuhi. Elfu sitini iliyobaki naiweka kwenye mfuko mpana wa hisa za dunia nzima, ambamo Tesla yumo bila mimi kumchagua, na sitaigusa miaka kumi. Mweka Hazina, ndiyo, najua, ni dola. Sitaibadilisha yote siku moja, nitagawa miezi sita, ili shilingi ikinipiga inipige kofi, isinipige ngumi.

BYD nimeiacha, si kwa chuki. Gari lao ningelinunua hata kesho kama bei ingeshuka zaidi. Na hilo ndilo linaloniogopesha kununua hisa yao: mimi mwenyewe nasubiri wapunguze.

KijanaWaJuja

Dada, Tesla ikifika elfu moja nitafufua uzi huu.

Binti_wa_Grogan

Ufufue. Nitakuja na chai.

Dere_wa_Mchana

Shemeji yangu amenunua Leaf, ile kipimo cha betri kimebaki vijiti tisa kati ya kumi na mbili. Mbele inagonga kila akipita kwenye bampu. Una bushi za lowa amu?

Binti_wa_Grogan

Zipo, za kushoto na kulia. Mwambie aje kabla ya saa kumi na moja, fundi wangu hukimbilia Githurai mapema. Na aje na gari lenyewe, asije na picha ya simu.